Njia Moja Ndani ya Kichwa cha Panya



Panya hana rafiki kijijini. Anakula mahindi ghalani, anatoboa magunia, anakata nguo sandukuni. Hata mtu akilala humng'ata kidole huku akipuliza, ndivyo wazee wetu wasemavyo. Sasa mkituona leo tunajaza ukurasa kwa habari za panya, tena si habari za kumwua bali za kilichomo kichwani mwake, huenda mtauliza kama karatasi zimetuzidi. Tuvumilieni kidogo.

Hebu mfikirieni panya wa ghalani. Ni usiku, taa imezimwa. Anatoka shimoni, anapita nyuma ya mtungi, anazunguka pale mlipotega mtego juzi, anafika kwenye gunia. Akisikia mguu wa mtu hahangaiki kutafuta shimo lake. Anakwenda moja kwa moja, kwaa! amepotea. Na mahali alipokula akamaliza jana, leo haendi. Anakwenda penginepo.

Hapo pana mambo mawili. Kwanza, panya anajua vitu viko wapi. Pili, anajua afanye nini kwa sababu ya kujua huko. Mambo hayo yanafanana, lakini si jambo moja. Si mnamjua mtu anayekumbuka kila kitu kilichosemwa mkutanoni, na bado kesho yake hajui aanze na kazi ipi? Ndani ya ubongo mambo hayo mawili yana sehemu zake mbili, na kati ya sehemu hizo ipo njia. Habari yetu ni ya njia hiyo.

Tuseme mapema kwamba panya wa habari hii ni panya wa maabara, yaani wa vyumba vya uchunguzi. Ni wa ukoo wa wale panya wakubwa wa mijini wanaokaa kwenye mitaro. Siye panya buku wa Morogoro, yule anayefundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya buku ni mnyama mwingine, na sifa zake zinataka ukurasa wake.

UBONGO WENYEWE

Ubongo wa panya una uzito wa gramu 2 hivi. Ni kama punje nne au tano za maharage. Wa mtu mzima ni gramu 1,300 mpaka 1,400. Lakini huo mdogo msiudharau. Ndani yake mna seli za neva kama milioni 200. Sisi watu tunazo kama bilioni 86, na bilioni moja ni milioni elfu.

Seli ya neva ni chembe hai ndogo sana, haionekani kwa macho. Ina uzi mrefu unaotoka kwake kwenda kwa seli nyingine. Ujumbe hupita katika uzi huo kwa umeme, si umeme wa kuwasha taa, ni mdogo mno. Ukifika mwisho wa uzi, hutolewa kemikali kidogo inayovuka pengo dogo na kuiamsha seli ya pili. Seli ya pili nayo humwamsha jirani yake. Basi kuona, kuogopa, kukumbuka na kuamua, vyote vinapita humo.

Sehemu ya kwanza ya kukumbuka ni ile wataalamu wanayoiita hipokampasi. Ni neno la Kigiriki, na wale wenzetu wa pwani watalielewa upesi, maana ni jina la samaki yule mdogo mwenye kichwa kama cha farasi. Waliopasua ubongo wa mtu zamani waliona sehemu hiyo imejipinda kama samaki huyo. Zipo mbili, moja kila upande wa kichwa, ndani kabisa.

Sehemu ya pili ipo mbele, nyuma ya paji la uso. Sisi tutaiita gamba la mbele. Nayo ina upande wa kulia na upande wa kushoto.

MTU ALIYEPOTEZA KESHO YAKE

Kazi ya hipokampasi ilijulikana kwa ajali ya matibabu. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, alikuwapo kijana wa miaka 27 aliyekuwa na kifafa kikali. Jina lake Henry Molaison. Dawa zilishindwa. Daktari William Scoville akampasua kichwa, akatoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, akitumaini kifafa kitapoa.

Kifafa kilipungua kweli. Lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kushika jambo jipya. Utoto wake aliukumbuka. Kuzungumza alizungumza vizuri, tena kwa adabu. Ukimpa namba aliweza kuishika kwa kuirudiarudia, lakini ukimkatiza tu, imekwenda. Bibi Brenda Milner, mtaalamu kutoka Montreal huko Kanada, alikwenda kumpima kwa miaka mingi, na kila alipofika Henry alimwona mgeni. Aliishi hivyo mpaka mwaka 2008, akafa akiwa na miaka 82. Sisi tunaona habari hii ni nzito kuliko kifo. Yule bwana alitoa msaada mkubwa kwa elimu ya ubongo, na yeye mwenyewe hakuweza kukumbuka kwamba ameutoa.

Mwaka 1971, mjini London, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky waliweka nyaya nyembamba sana ndani ya hipokampasi ya panya, wakasikiliza umeme wa seli huku panya akitembea. Wakaona ajabu. Seli moja ilipiga kelele panya alipofika mahali fulani tu. Akisogea inanyamaza, na seli nyingine inaanza. Yaani kila mahali pana seli zake, kama ramani ya kijiji ambayo kila mti una mlinzi wake. Kwa kazi hiyo O'Keefe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway.

Gamba la mbele nalo lilikuwa na habari zake. Katika miaka ya 1930, Carlyle Jacobsen wa Chuo Kikuu cha Yale aliwaonyesha nyani chakula kikifichwa chini ya kikombe kimoja kati ya viwili, kisha akaweka pazia kwa sekunde chache. Nyani mzima alichagua kikombe chenye chakula. Aliyeondolewa gamba la mbele alibahatisha. Macho yake mazima, mikono mizima, njaa anayo. Alichokosa ni kushika jambo akilini mpaka wakati wa kulitumia.

MAHARAGE YALIVYOONYESHA NJIA

Sasa je, ramani iliyo kwenye hipokampasi inafikaje kwenye gamba la mbele linaloamua? Mwaka 1981 Larry Swanson, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba katika ubongo wa panya upo uzi unaokwenda moja kwa moja, bila kubadilishia njiani. Ni kama basi lisilo na kituo.

Uthibitisho uliotufurahisha zaidi sisi ulikuja mwaka 1991, kutoka kwa Thérèse Jay na Menno Witter. Akina mama mnajua kwamba maharage yasiyoiva humtapisha mtu. Ni kwa sababu katika maharage mabichi imo protini yenye sumu, na moto wa kutosha huiharibu. Basi protini ya aina hiyo, iliyotolewa katika maharage haya haya tunayokula, ndiyo iliyotumika. Ukiidondosha kidogo sana mahali fulani katika ubongo wa panya aliye hai, seli za hapo huimeza, kisha huisafirisha ndani ya uzi wao mpaka mwisho. Baada ya siku kadhaa panya huuawa, ubongo unakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, unatiwa rangi inayoshika protini ile, na mtaalamu anatazama kwa hadubini. Uzi unaonekana wote, toka unapoanza mpaka unapoishia.

Waliona mambo mawili ambayo tunaomba myashike, maana tutayahitaji. La kwanza, nyuzi za hipokampasi ya kulia zinakwenda gamba la mbele la kulia, na za kushoto zinakwenda la kushoto. Hazivuki. La pili, njia hii ni ya kwenda. Njia ya kurudi si hiyo. Ujumbe wa kurudi hupitia kituo kidogo katikati ya ubongo, na mwaka 2015 wale wataalamu wa Norway pamoja na wenzao walionyesha kwamba kituo hicho hupeleka kwenye hipokampasi habari za njia ambayo panya anataka kuipita. Kwa hiyo mbele huambiwa "tupo hapa", na mbele nako husema "tunakwenda kule".

KUIFUNGA NJIA BILA KUIKATA

Lakini kuona njia si kujua kazi yake. Unaweza kuona kijia porini na usijue kama kinakwenda mtoni au kwenye kaburi. Ilibidi njia ifungwe, waone kitakachokosekana. Nayo ilikuwa kazi, maana ukiharibu hipokampasi umeharibu ramani yenyewe, na ukiharibu gamba la mbele umeharibu uamuzi wenyewe. Utafungaje njia peke yake?

Sisi wenyewe tuliposoma habari hii mara ya kwanza hatukuelewa. Tukaielewa kwa mfano wa maji, nao ni huu.

Chukueni kijiji chenye mashariki na magharibi. Mashariki kuna pampu na tangi, na bomba kati yake. Magharibi vile vile. Hakuna bomba linalotoka mashariki kwenda magharibi. Ukizima pampu ya mashariki, watu watachota magharibi. Ukitoboa tangi la magharibi tu, watachota mashariki. Sasa zima pampu ya mashariki na utoboe tangi la magharibi, yote mawili kwa pamoja. Kijijini pampu nzima ipo moja, na tangi zima lipo moja, lakini hakuna ndoo itakayojaa! Pampu nzima inapeleka maji kwenye tangi bovu, na tangi zima linangoja pampu iliyolala. Hakuna aliyegusa bomba, na bado ni sawa na kulifunga.

Ndivyo walivyofanya Stan Floresco na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, mwaka 1997. Walitumia ganzi ya lidokaini, ile ile anayotumia daktari wa meno. Walilaza sehemu ya hipokampasi ya upande mmoja, na gamba la mbele la upande wa pili. Ganzi ikiisha, panya anarudi alivyokuwa.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Kuna kiwanja kidogo katikati, na vichochoro vinane vinatoka kila upande kama miale ya jua. Mtindo huu wa vichochoro vinane ulianzishwa na David Olton mwaka 1976. Panya mwenye njaa anaingizwa. Vichochoro vinne vimefungwa, vinne viko wazi na kila kimoja kina chakula mwishoni. Anakula vyote vinne. Anatolewa, anangojeshwa nusu saa. Kisha anarudishwa, na safari hii vyote vinane viko wazi, ila chakula kipo katika vile vinne tu vilivyokuwa vimefungwa.

Panya aliyezoea kazi hii hufanya vizuri kabisa. Hapotezi miguu yake kwenda alikokwishakula. Anachukua kumbukumbu ya nusu saa iliyopita, anaigeuza kuwa mpango wa sasa. Nasi tunaongeza kwamba wapo watu wazima wanaorudi dukani mara mbili kwa chumvi.

Lakini panya waliofungiwa njia kwa ganzi walikosea mara nyingi. Hipokampasi moja nzima wanayo. Gamba la mbele moja zima wanalo. Ila vitu hivyo viwili havikuweza kuzungumza. Tena walipopewa kazi nyingine, ya kutafuta chakula papo hapo bila kungoja na bila kujua mapema kipo wapi, kufungwa kwa njia hiyo hakukuwadhuru. Kazi ile inatumia njia nyingine. Kwa hiyo njia yetu si ya kila kitu. Ni ya kuchukua kilichojulikana kabla na kukitumia baadaye.

KUTWANGA WAWILI KINU KIMOJA

Mmewahi kuwatazama akina mama wawili wakitwanga kinu kimoja. Mchi huu unapanda, ule unashuka. Hawahesabu kwa sauti, lakini wakipotezana kidogo tu, michi inagongana. Hipokampasi ya panya anayetembea nayo ina mdundo wake, kama mara nane kila sekunde. Mwaka 2005 Matthew Jones na Matthew Wilson walisikiliza pande zote mbili kwa pamoja. Panya alipofika njia panda na ilimbidi akumbuke ili achague, seli za mbele zilifuata mdundo wa hipokampasi kwa karibu zaidi. Na katika safari zile alizokosea, kufuatana huko kulikuwa kumepungua.

Tena njia hii hukua kwa kutumiwa. Mwaka 1990 wataalamu wa Ufaransa walionyesha kwamba ukiipitishia umeme kwa nguvu na kwa haraka, baadaye hata ujumbe mdogo hupita kwa nguvu kuliko mwanzo. Kijia kinachopitwa na wengi hakioti majani.

Hapa tuseme jambo linalotugusa. Upo ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti zisizokuwapo, huamini mambo ambayo hayapo, na mawazo yake hushindwa kufuatana. Vijijini kwetu mtu huyo mara nyingi husemwa amelogwa, na wapo waliofungwa kamba na ndugu zao wenyewe. Wataalamu wanajua kwamba watu waliozaliwa wakikosa kipande fulani kidogo cha urithi katika seli zao wamo hatarini zaidi: karibu mtu 1 kati ya 4 hupata ugonjwa huo akikua. Mwaka 2010, mjini New York, Torfi Sigurdsson na wenzake walichunguza panya wadogo wa nyumbani waliokosa kipande kama hicho. Hipokampasi na gamba la mbele la panya hao hazikufuatana vizuri. Michi iligongana. Na waliopotezana zaidi ndio waliochelewa zaidi kujifunza kazi.

Panya haugui skizofrenia kama mtu, na wagonjwa wengi hawana upungufu huo wa urithi. Tusitie chumvi. Lakini hapo pana kitu cha kupima kwa nyaya na saa, na hakuna jicho la jirani lililohusika. Mgonjwa wa namna hiyo zipo dawa za kumsaidia hospitalini, na akipelekwa mapema ni bora kuliko akipelekwa amekwisha kuchubuka kwa kamba.

PANYA AKILALA

Mwaka 1994 huyo huyo Matthew Wilson, pamoja na Bruce McNaughton, walisikiliza seli za hipokampasi za panya aliyelala baada ya kazi. Seli zilizokuwa zikiamka pamoja mchana zilianza kuamka pamoja tena usingizini. Macho yamefungwa, miguu imetulia, na ramani ya mchana inapitiwa upya! Hutokea kwa mlio mfupi sana wa umeme, sehemu ndogo ya sekunde. Na mwaka 1998 ikaonekana kwamba milio hiyo huenda sambamba na mawimbi ya usingizi ya gamba la mbele.

Lakini kwenda sambamba pengine ni bahati tu. Jogoo akiwika na jua likachomoza, si jogoo aliyelivuta. Basi mwaka 2016, mjini Paris, Nicolas Maingret na wenzake, wakiwa na Michaël Zugaro, walijaribu. Walimwonyesha panya vitu viwili vinavyofanana kwa dakika 3 tu. Muda huo ni mfupi mno, kesho yake panya huwa amesahau vilikokuwa. Kisha wakamwacha alale. Kila hipokampasi ilipotoa mlio wake, mashine iliupa ubongo wa juu umeme kidogo kwa wakati uliopimwa, ili wimbi la gamba liufuate mlio ule. Panya wengine walipewa umeme ule ule, kiasi kile kile, ila kwa kuchelewa ovyo ovyo.

Asubuhi kitu kimoja kilihamishwa. Panya wa kundi la kwanza walikwenda kukinusa hicho kilichohama, wakakizunguka, wakarudi kukinusa tena, kama mtu anayekuta kigoda cha baba kimewekwa upande mwingine wa nyumba. Wale wa kundi la pili walivinusa vyote viwili sawasawa, kama kwamba hawajawahi kuingia humo.